Beberu wa Mwisho wa Nakwaret

Nchi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa inajijua, na isitoshe ina sheria kali kuhusu kutajwa. Nitasema tu kwamba ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti sita, na ina kaskazini. Huko kaskazini ndiko mambo haya yalikotokea, nami nayaeleza kwa nia njema kabisa, ili watu wajue jinsi Serikali yetu inavyowapenda mbuzi.

Haikuwapenda tangu mwanzo. Miaka ishirini iliyopita Serikali iligundua kwamba mbuzi wa kaskazini ni wafupi. Ugunduzi huo ulifanywa kupitia dirisha la gari lililokuwa likienda kasi. Mbuzi hao wana rangi ya kutu, miguu mifupi kama ya kigoda, na masikio yasiyozidi kidole gumba. Ni kweli kwamba wanaweza kukaa siku nne bila maji, lakini kwenye picha hawapendezi. Mtama wa huko nao ulikuwa na kasoro. Ukikomaa, kichwa chake huinama chini kama shingo ya korongo, na ndege hukosa mahali pa kutua. Waziri wa wakati huo alisema mtama usioweza kusimama wima mbele ya wageni ni mtama usio na nidhamu.

Ikatangazwa Operesheni Ondoa Aibu. Afisa mifugo kijana, Masalaga Kiondo, alipelekwa kaskazini na koleo la kuhasi, akahasi mabeberu wafupi wa vijiji thelathini na moja, akapewa cheti chenye fremu. Baada yake wakaletwa mbuzi warefu kutoka ng'ambo, wenye masikio yanayoning'inia, ambao kila mmoja alihitaji ndoo ya maji asubuhi na nyingine jioni. Kiangazi kilipofika, walijilaza kivulini wakasubiri ndoo zao. Waliendelea kusubiri mpaka wakafa. Taarifa ya Wizara ilisema mpango umefanikiwa kikamilifu, isipokuwa mbuzi hawakutoa ushirikiano.

Katika kijiji cha mwisho kabisa, Nakwaret, ambako barabara hukoma kilomita tisa kabla ya kufika, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Akiru. Koleo lilipofika kwake, beberu wake mmoja alikuwa ndani ya ghala la mtama, amefunikwa majani. Beberu akakohoa.

"Nani huyo?" Masalaga aliuliza.

"Mume wangu," Akiru alijibu. "Kifua kinamsumbua."

Masalaga, ambaye ni mtu mwenye huruma, alimwachia dawa ya kikohozi. Hakujua kwamba huyo mume alikuwa kaburini mwaka wa pili.

Hivyo ndivyo uzao ule ulivyopona. Lakini miaka ishirini ni mingi. Ulikuja ugonjwa wa mapafu, akaja chui, vikaja viangazi vitatu mfululizo. Wakati hadithi hii inapoanza, mbuzi wafupi waliobaki duniani walikuwa sita, wote wa Akiru: majike watano na beberu mmoja, kitukuu cha yule mwenye kikohozi.

*

Siku moja alipita mtaalamu kutoka ng'ambo. Aliwatazama mbuzi wale kwa muda mrefu, akautazama mtama, akarudi kwao akaandika kurasa nne. Aliandika kwamba dunia inazidi kuwa na joto, na kwamba mbuzi asiyeomba maji na mtama usioliwa na ndege vina thamani isiyo na kifani. Serikali ilisoma ukurasa wa kwanza. Neno "thamani" lilikuwa katika mstari wa tatu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuendelea.

Kufikia Ijumaa tulikuwa na Wizara mpya, Wizara ya Uhifadhi wa Mifugo na Mbegu za Asili, chini ya Mheshimiwa Sifuni Ndalu. Mkurugenzi Mkuu aliteuliwa Masalaga Kiondo, kwa kuwa hakuna mtu mwingine nchini aliyekuwa na uzoefu wa kuwashika mbuzi hao kwa mikono yake.

Kazi ya kwanza ya Wizara ilikuwa ya lugha. Msomaji anajua kwamba neno "beberu" lilikuwa limeshachukuliwa na Serikali. Mvua isiponyesha, daraja likianguka, mitihani ikivuja, redio ilieleza kwamba ni kazi ya beberu. Neno lenye majukumu mazito namna hiyo lisingeweza kuendelea kutumiwa na mnyama. Waraka Namba Saba ukaelekeza kwamba kuanzia siku hiyo dume la mbuzi litaitwa Mume wa Mbuzi.

Kisha msafara ukaelekea kaskazini. Magari yaliachwa mwisho wa barabara, na Mkurugenzi Mkuu akatembea zile kilomita tisa kwa viatu vya ofisini. Watu walikusanywa na Lokeris, mtendaji wa kijiji, mwenye sharubu nene na shati moja la mikutano.

"Mama Akiru," Masalaga alisema, akihema, "Serikali imekuja kukushukuru."

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Kwa kumtunza Mume wa Mbuzi."

"Mume wa nani?"

Lokeris akamwinamia sikioni. "Anasema beberu, mama."

"Ndugu mtendaji!" Masalaga alishtuka, akaangalia nyuma yake. "Maneno hayo ni ya redioni."

Akasoma hotuba. Alisema kwamba Mume wa Mbuzi ni Hazina ya Taifa, na hazina haiwezi kuachwa kijijini ikikanyagana na watoto. Atapelekwa makao makuu, katika Jumba la Urithi, akahifadhiwe. Mbegu zote za mtama wa shingo ya korongo zitakwenda naye. Askari walianza kutoa vibuyu vya mbegu majumbani. Vilipatikana kumi na sita.

"Na sisi tutapanda nini?" Akiru aliuliza.

"Mtaomba mbegu. Fomu zipo."

"Fomu zinaota?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa sababu askari hawakucheka. Akiru akasogea karibu zaidi, akapunguza sauti.

"Mwanangu, nisikilize. Mbuzi hawa si kama wengine. Majike hutaka dume mara moja kwa mwaka, mvua za kwanza zinapogusa ardhi. Imebaki miezi mitatu. Majike wangu watano wote wamezeeka. Mwaka huu wasiposhika mimba, hakutakuwa na mwaka mwingine. Mchukueni, mtazameni, mpigeni picha. Lakini kabla ya mvua arudi."

"Mama," Masalaga alimjibu kwa upole, "hazina hairudi. Inahifadhiwa."

Tatizo ni kwamba hazina yenyewe iligoma. Ilimpiga Mkurugenzi Mkuu pembe gotini, ikakataa majani yaliyoletwa kwenye mfuko wa Serikali, na kila Akiru alipopotea machoni ililia kwa sauti iliyowasumbua sana askari. Ikabidi Wizara imwajiri Akiru hapo hapo, kuwa Msaidizi wa Muda wa Mume wa Mbuzi, Daraja la Nne. Aliwakabidhi majike wake kwa mke wa Lokeris, akawagusa mmoja mmoja kichwani, akaondoka bila kugeuka, maana alijua akigeuka hatakwenda.

*

Jumba la Urithi ni zuri, nami namshauri kila raia alitembelee siku litakapofunguliwa. Mume wa Mbuzi alipewa chumba chenye zulia jekundu, kiyoyozi, na mapazia yenye nembo ya Taifa. Wiki ya kwanza alikula mapazia. Wiki ya pili alikula kitabu cha wageni na nakala halisi ya Waraka Namba Saba. Wataalamu waliandika kwamba anaonyesha ari ya kujifunza.

Mtama uliwekwa kwenye mitungi ya vioo ukumbini. Akiru alipopitishwa kuutazama, aliingiza mkono, akachukua punje moja, akaibana kwa kucha, akainusa.

"Mmeupaka nini huu?"

"Vanishi," alisema mtunza ukumbi kwa fahari. "Ili ung'ae chini ya taa."

"Umekufa."

"Lakini unang'aa, mama."

"Wote mmeupaka?"

"Wote. Vibuyu vyote kumi na sita. Wizara haifanyi kazi nusu nusu."

Akiru alikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya marumaru. Mtama ule alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake alipewa na wake. Hakulia. Aliuliza tu ni dirisha gani linalopokea maombi.

Lilikuwa dirisha la nne. Karani alikuwa kijana mtanashati mwenye mihuri mitano.

"Unaomba nini, mama?"

"Ruhusa ya beb... ya Mume wa Mbuzi kwenda nyumbani kupanda majike."

"Mwombaji mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nje, anakula ua."

"Aje asaini. Alete cheti cha kuzaliwa, barua ya baba yake, na picha mbili za pasipoti zinazoonyesha masikio yote mawili."

Cheti kilishughulikiwa, barua ikaandikwa na mtu mwingine kwa niaba ya marehemu, na mwombaji akasaini kwa kwato. Lakini picha zilirudishwa mara tano, kwa sababu masikio hayakuonekana. Wiki kumi zikapita. Kila asubuhi Akiru alitoka uani, akatazama upande wa kaskazini, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukaa pamoja.

Aliyemwona akitazama hivyo ni Zamoyoni, mfagizi wa Jumba, mwanamke wa makamo aliyefagia kila chumba na kwa hiyo alijua kila jambo. Walizoeana haraka. Zamoyoni alimletea uji, na Akiru alimfundisha jina la kila wingu.

"Dada Akiru," Zamoyoni alimwambia siku moja, akiegemea fagio, "nimefagia ofisi ya Mheshimiwa leo. Una habari na Siku ya Uhifadhi?"

"Ile sherehe ya Jumapili? Watatuvisha sare."

"Wanakuja wageni wa ng'ambo. Mheshimiwa kasema kuwaonyesha tu urithi haitoshi, lazima wauonje." Akapunguza sauti. "Mpishi ameshakuja kumpima. Yule uliyedhani ni daktari."

Akiru akanyanyuka, akaenda moja kwa moja ghorofa ya tatu, akaingia kwa Mkurugenzi Mkuu bila kubisha hodi.

"Masalaga. Ni kweli watamchinja?"

Masalaga aliitazama meza yake. Ilikuwa kubwa na haikuwa na kitu juu yake. "Nilipinga, mama," alisema mwishowe. "Nilipinga sana. Kimoyomoyo."

"Ulikuja na koleo ukawamaliza. Nikabakiwa na mmoja. Sasa huyo mmoja unamtia kwenye sufuria?"

Alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote wa Daraja la Nne. Aliinuka, akafunga dirisha, akafunga mlango, akazungumza akiwa ameutazama ukuta.

"Jumamosi saa sita mchana kuna mazoezi ya sherehe. Watapiga wimbo wa taifa, beti zote sita. Unajua kwamba wimbo ukipigwa hakuna ruhusa ya kutikisika? Ni miezi tisa jela. Waziri, askari, mpishi, wote husimama kama nguzo."

"Kijijini kwetu wimbo huo haujafika."

"Najua haujafika," Masalaga alisema. "Ndiyo maana nakutajia ratiba tu, uwe unaijua."

*

Jumamosi asubuhi Zamoyoni alimshika Akiru mkono. "Usiondoke mikono mitupu. Twende nikuonyeshe kitu. Nilidhani ni magugu, ila leo nimekiangalia vizuri."

Walizunguka nyuma ya jiko, kwenye mfereji wa maji machafu. Miezi iliyopita, vibuyu viliposhushwa, punje kadhaa zilimwagika sakafuni, na Zamoyoni akazifagia akazitupa huko pamoja na takataka. Kando ya mfereji, katikati ya makopo na maganda ya mayai, ilisimama mimea saba ya mtama. Vichwa vyote saba vilikuwa vimeinama. Shomoro walivizunguka wakipiga kelele za hasira, wasipate pa kutua. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya Jumba ambayo Wizara ilikuwa bado haijaihifadhi.

Sasa Akiru alilia. Alivikata vichwa saba, akavifunga kwenye pindo la kanga, akamkumbatia Zamoyoni, kisha akaenda kumfungua beberu.

Saa sita kamili bendi ilianza. Uwanja mzima ulikakamaa. Akiru alitoka mlango mkubwa, kamba mkononi, akateremka ngazi katikati ya safu mbili za askari waliokuwa hawapumui vizuri. Ubeti wa kwanza uliwafikisha kwenye bustani. Wa pili uliwafikisha jukwaani, na hapo beberu akasimama.

Jukwaani alikuwa amesimama Mheshimiwa Sifuni Ndalu, mikono ubavuni, hotuba ya kurasa kumi na mbili katika mkono wa kulia. Beberu akanusa hotuba, akauma pembe ya ukurasa wa kwanza.

"Twende," Akiru alinong'ona, akavuta kamba. Ilikuwa kama kuvuta mzizi. Ubeti wa tatu ukaisha na kurasa nne zikawa zimekwisha. Macho ya Mheshimiwa yalizunguka, yakamtazama Mkurugenzi Mkuu, yakamtazama mkuu wa askari. Kila mmoja wao alikuwa anaipenda nchi yake kwa dhati, na hakuna aliyetikisika. Jasho lilimtiririka Akiru mgongoni. Ubeti wa nne. Ubeti wa tano ulipofika katikati, beberu alimeza hitimisho, akapiga chafya, akakubali kutembea.

Walivuka lango wakati bendi inamalizia wa sita. Mlinzi wa lango alikuwa na amri ya kuandika kila kinachotoka, na wimbo ulipokoma tu akashika kalamu. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa mashambani, na Waraka Namba Saba haukumjia akilini. Aliandika: *Saa sita na dakika kumi na moja. Beberu ametoka.*

*

Taarifa ya lango ilipelekwa Usalama. Usalama waliisoma mara tatu, wakakimbia nayo Ikulu. Saa saba redio ilikatiza muziki. Mtangazaji, sauti ikitetemeka, alilitangazia Taifa kwamba baada ya mapambano ya muda mrefu chini ya uongozi shupavu, beberu wa mwisho ameondoka makao makuu kwa miguu yake mwenyewe.

Mimi nilikuwepo mjini siku hiyo. Watu walikumbatiana. Ilitangazwa mapumziko ya siku nne. Vizuizi vyote vya barabarani viliachwa wazi, polisi wakawa wanacheza ngoma, na lori moja la mifugo lililokuwa likirudi tupu kaskazini lilipita vituo kumi na viwili likipungiwa mkono, nyuma yake amesimama mwanamke na mbuzi mmoja mfupi.

Wizara ilipogundua nani hasa aliyeondoka, ilikuwa imechelewa. Kumtafuta kungekuwa ni kumrudisha beberu nchini, na hakuna waziri aliyekuwa tayari kulisema hilo redioni. Jumapili wageni walipewa mbuzi mrefu wa ng'ambo, wakamsifu kwa ladha yake halisi ya kienyeji. Jumatatu ikatangazwa kwamba Mume wa Mbuzi amefariki dunia akiwa kazini. Sanamu yake ikajengwa mbele ya Jumba, na miguu ikarefushwa kidogo kwa ajili ya heshima. Masalaga Kiondo alipandishwa cheo kuwa Mkurugenzi wa Sanamu.

Nakwaret mvua zilikuwa zimetangulia siku kumi na moja. Akiru aliziona kilomita tisa zile zikiwa za kijani, akatembea upesi kuliko miguu yake ilivyotaka. Mke wa Lokeris alimpokea njiani, na kabla ya salamu akasema, "Jike mwenye mguu mweupe alikufa, mama. Nisamehe." Wawili wengine walikuwa wameshapoa, hawakumtaka dume tena. Wawili walikuwa bado wanamtaka. Akiru alifungua kamba, akageuka upande mwingine kwa adabu, akangoja.

Wale wawili walishika mimba. Baada ya miezi mitano walizaa wana watano, madume wawili na majike watatu, wenye rangi ya kutu, na masikio ambayo mtu alihitaji kuyatafuta. Vichwa saba vya mtama vilitoa mbegu za shamba dogo, na shamba dogo likatoa mbegu za kijiji.

Miezi miwili baada ya uzazi huo ikaja barua yenye muhuri. Lokeris alivaa shati lake la mikutano, akaja kuisomea uani kwa Akiru, na majirani wakakusanyika wakiwa na hofu, kwa kuwa hawakuwahi kupata barua iliyowaletea kitu.

"*Wizara inasikitika kuwajulisha,*" alisoma, "*kwamba mbuzi wafupi wa kaskazini wametoweka rasmi. Mtama wa shingo ya korongo nao umetoweka rasmi. Havipo tena popote katika Jamhuri, na yeyote atakayedai kuviona atahesabiwa kuwa anapotosha umma.*"

Mwanambuzi mmoja akalia, mwingine akamjibu.

"Kwa hiyo," Akiru aliuliza polepole, "hakuna atakayekuja kuwachukua?"

"Wachukue nini, mama? Hawapo."

"Wala kuwahasi?"

"Watamhasije asiyekuwepo?"

"Wala kuuhifadhi mtama?"

Lokeris aliipitia barua mpaka chini, akaigeuza na nyuma. "Hapana. Wametusamehe vyote."

"Hebu irudie, mwanangu. Taratibu, kuanzia pale juu."

Akairudia. Alipofika kwenye "havipo tena popote", mke wake akapiga kigelegele, na uwanja mzima ukaitikia. Akiru aliinuka, akachukua kibuyu, akachuchumaa pembeni mwa jike mmoja ambaye hayupo, akamkamua mpaka povu likajaa mdomoni mwa kibuyu, akamletea mtendaji kwa mikono miwili.

Lokeris alikunywa bila kupumzika.

"Na maziwa haya?" Akiru akamuuliza. "Utaandika nini kwenye ripoti yako?"

"Maziwa gani?" Lokeris alisema, akafuta povu kwenye sharubu, akakinyoosha tena kibuyu ili aongezewe.